Nguvu za Mwili na Kujiamini Uzeeni

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, iliyopitishwa mwaka 2003, inamhesabu mzee kuwa mtu aliyefikisha umri wa miaka 60, na umri huohuo ndio ambao mtumishi wa umma hulazimika kustaafu iwapo hakuchagua kuondoka kwa hiari alipofika 55. Mpaka huo ni wa kiutawala na haukuchorwa na daktari, lakini katika familia nyingi za Afrika Mashariki umegeuka kuwa amri ya mwili pia, kwa kuwa aliyeuvuka huanza kunyang'anywa ndoo mkononi, kuletewa kiti na kuambiwa apumzike kwa vile amekwisha kufanya kazi ya kutosha. Swali linalochunguzwa hapa ni kama pumziko hilo linamfaa, na hasa kama mtu aliyezuiwa kuutumia mwili wake anaweza kuendelea kuuamini. Kwa kawaida mambo haya mawili hutenganishwa: siha huachiwa madaktari, ambao huizungumzia kupitia presha, kisukari na maradhi ya moyo, na kujiamini huachiwa wahubiri na washauri nasaha, kana kwamba kunapatikana kwa maneno mema peke yake. Ushahidi uliokusanywa katika miaka thelathini na zaidi iliyopita unaonyesha kuwa hayatenganishiki, na kwamba kwa mzee nguvu hutangulia, kujiamini kukafuata nyuma.

Umri hauupunguzi mwili kwa usawa. Misuli huanza kupungua mapema kuliko watu wengi wanavyodhani, tangu miaka ya thelathini, kwa kiwango kinachokadiriwa kuwa kati ya asilimia 3 na 8 kwa kila miaka kumi, na kasi hiyo huongezeka baada ya 60. Mwaka 1989 mtafiti wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza hali hiyo iitwe sakopenia, yaani upungufu wa misuli unaoandamana na umri, kwa hoja kwamba tatizo lisilo na jina halipati watafiti wala fedha za kulitafiti. Kinachodhoofika zaidi ni nyuzi za misuli zinazokaza kwa kasi, ambazo ndizo humwokoa mtu anapojikwaa, na ndiyo maana mzee anaweza kutembea kilomita mbili kwenda msikitini au kanisani bila kulalamika, lakini kidole cha mguu kinapogonga kizingiti akashindwa kuutupa mguu mwingine mbele kwa wakati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huanguka walau mara moja kwa mwaka. Mifupa nayo hupungua uzito, kwa wanawake kwa haraka zaidi baada ya kukoma kwa hedhi, kwa hiyo anguko ambalo kwa kijana ni kicheko kwa bibi huweza kuwa nyonga iliyovunjika.

Kilichochelewa kujulikana ni kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo hutokana na kutotumika kwa mwili kuliko na umri wenyewe. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika makao ya wazee mjini Boston, ambamo watu kumi wenye umri wa wastani wa miaka 90, wengi wao wakiwa na maradhi sugu, walifanya mazoezi ya nguvu kwa wiki nane. Mazoezi ya nguvu ni yale ambayo msuli unasukuma au kuvuta dhidi ya mzigo mzito kiasi cha kuuchosha baada ya marudio machache, na mzigo ukaongezwa kadiri msuli unavyoimarika. Nguvu za misuli ya mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kundi hilo lilikuwa dogo, na msomaji mwangalifu angekuwa na haki ya kushuku, lakini mwaka 1994 timu hiyohiyo ilirudia kazi kwa watu 100 waliogawanywa kwa kura, ikapata ongezeko la asilimia 113 kwa wiki kumi, pamoja na kasi zaidi ya kutembea na kupanda ngazi. Miaka ishirini baadaye utafiti mwingine wa Marekani, uliowafuata watu 1,635 wenye umri wa kati ya miaka 70 na 89, ulionyesha kuwa waliopewa programu ya kutembea pamoja na mazoezi ya nguvu, ulinganifu na kunyoosha viungo walipungukiwa kwa asilimia 18 na hatari ya kufikia hali ya kushindwa kutembea mita 400. Hoja ya kwamba mtu amechelewa mno kuanza haina mguu wa kusimamia.

Hapo ndipo kujiamini kunapoingia, tena si kama pambo la siha. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 dhana ambayo kwa Kiswahili inaweza kutajwa kuwa imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda jambo fulani, akaonyesha kwamba imani hiyo ina vyanzo vinne: kufanikiwa kwa mtu mwenyewe katika kulitenda jambo hilo, kumwona mwenzake anayefanana naye akilitenda, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyozisoma dalili za mwili wake. Chanzo cha kwanza ndicho chenye uzito kuliko vyote, na maneno, ambayo ndiyo hutolewa kwa wingi zaidi kwa wazee, ni miongoni mwa vile dhaifu. Chanzo cha nne kinastahili kuangaliwa kwa makini katika umri mkubwa, kwa sababu mtu ambaye hajahema kwa nguvu kwa miaka kumi huusikia moyo ukienda mbio anapopanda ngazi na kuuchukulia kuwa umeanza kufa, ilhali aliyezoea huuchukulia kuwa moyo unaofanya kazi. Dalili ni ileile, lakini mmoja ataketi na mwingine ataendelea kupanda.

Mary Tinetti wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyetumia dhana ya Bandura kupima hofu ya kuanguka tangu mwaka 1990, alisaidia kuonyesha jinsi hofu hiyo inavyojilisha yenyewe. Anayeogopa kuanguka hupunguza safari zake, huacha kwenda gengeni, hutembea kwa hatua fupi huku macho yakiwa chini, misuli yake hudhoofu kwa kukosa kazi, na udhoofu huo humfanya aanguke kweli, jambo linaloithibitisha hofu ya mwanzo. Wapo wanaoogopa namna hiyo bila kuwahi kuanguka hata mara moja. Kwa upande mwingine, Becca Levy na wenzake walipowafuatilia wakazi 660 wa mji mdogo wa Oxford, jimboni Ohio, waliokuwa na miaka 50 na zaidi walipoulizwa kuhusu kuzeeka kwao, walikuta kuwa waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi miaka 7.5 zaidi kuliko waliouona kwa jicho baya. Uhusiano wa namna hii hauthibitishi kuwa mtazamo pekee ndio uliorefusha maisha, kwa kuwa mwenye afya ana sababu nyingi za kuuona uzee vizuri, lakini unatosha kuonya kwamba kauli za kila siku kuhusu mwili wa mzee zina matokeo.

Kauli hizo katika nyumba za Afrika Mashariki zimejaa upendo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mkwe anapomwambia mama mkwe wake aache, nazi itakunwa na binti wa kazi, anatimiza adabu aliyofunzwa, na kama angekaa kimya majirani wangemsema. Hata hivyo, inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu. Anayekuna nazi hushuka mpaka kwenye mbuzi ambayo kimo chake hakizidi sana kifundo cha mguu, hukaa amepanua mapaja, mgongo ukijishikilia wenyewe bila egemeo, mikono ikizungusha kifuu dhidi ya meno ya chuma, na akimaliza hulazimika kuinuka kutoka chini akiwa na bakuli mkononi. Kuinuka huko peke yake ni zoezi la mapaja, kiuno na ulinganifu ambalo mkufunzi wa jimu angelitoza fedha. Kadhalika Mwislamu anayeswali sala tano bila kiti hutimiza rakaa 17 za faradhi, zenye sijda 34, na kwa hiyo hushuka hadi sakafuni na kuinuka mara nyingi kila siku pasipo kuita kitendo hicho mazoezi, kwa kuwa si mazoezi bali ni ibada. Sharia inamruhusu mgonjwa kuketi, na ruhusa hiyo haina ubishi, lakini safu za viti vya plastiki zilizoenea katika misikiti ya mijini zinakaliwa pia na watu ambao magoti yao yalichoka kwa kukaa ofisini kabla ya kuchoka kwa umri. Choo cha kuchuchumaa, kigoda cha jikoni na mkeka vilikuwa na kazi hiyohiyo, na kila kimoja kinapobadilishwa kwa kitu kirefu na laini zaidi, mwili hupoteza kipimo kimoja cha kila siku.

Ushahidi wa karibu zaidi kuhusu jambo hili unatoka Tanzania yenyewe, kandokando ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadza, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 1989 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliandika kuhusu bibi wa Kihadza waliopita umri wa kuzaa, ambao walitumia muda mwingi kuliko wanawake vijana wakichimba kwa fimbo viazi vya porini vilivyokwama kati ya mawe, kazi inayohitaji mikono, mgongo na uvumilivu, na chakula hicho kiliwafikia wajukuu. Kutokana na kazi hiyo ilijengwa nadharia kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu bibi mwenye nguvu aliwafaa wajukuu wake. Nadharia hiyo ina wapinzani, ila picha iliyo nyuma yake haina shaka: katika jamii hiyo mzee ni mtendaji. Utafiti wa David Raichlen na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uliongeza jambo lisilotarajiwa, kwani Wahadza walikutwa wakipumzika kwa saa kama kumi kwa siku, sawasawa na watu wa nchi zenye viwanda, tofauti ikiwa ni kwamba sehemu ya pumziko lao hufanyika kwa kuchuchumaa na kupiga magoti, mikao inayoiacha misuli ya miguu ikifanya kazi kidogo. Pumziko, kwa hiyo, si adui. Kinachodhuru ni namna ya kupumzika ambayo haiachi kazi yoyote kwa mwili.

Pingamizi lenye nguvu dhidi ya hoja hii ni kwamba wazee wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kupumzishwa na mtu. Wanaoishi vijijini hulima mpaka mwisho wa maisha, bibi hulea wajukuu walioachwa na wazazi waliokufa au waliohamia mjini, na kumhubiria mazoezi mtu aliyeinamia jembe la mkono tangu alfajiri ni dhihaka. Pingamizi hili ni sahihi kwa sehemu. Kazi nzito hulinda moyo na mapaja, lakini haipangwi kwa ajili ya mwili: humkunja mkulima upande mmoja kwa masika mazima, hairuhusu mzigo kuongezwa taratibu wala siku ya kupona, na mara nyingi hufanywa kwa tumbo lisiloshiba. Msuli haujengwi kwa kazi tupu. Wataalamu wa lishe ya wazee walipendekeza mwaka 2013 kwamba mtu aliyepita miaka 65 apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa mwenye maradhi ya figo, ambaye lazima ashauriane na daktari. Kwa mwenye kilo 60 hizo ni gramu 60 hadi 72, na yai moja lina takriban gramu 6 tu. Mzee aliyepungukiwa meno, anayekunywa chai kwa mkate asubuhi na uji jioni, yuko mbali sana na kiwango hicho, na dagaa waliosagwa, maharage, choroko au maziwa ya mgando yangemsaidia kuliko dawa za vitamini zinazouzwa kwa sauti ya kipaza barabarani. Kwa mkulima kinachohitajika ni chakula, kunyoosha mgongo na zana bora. Kwa aliyestaafu mezani ni mzigo wa kubeba. Mpango mmoja hauwezi kuwatosha wote wawili.

Kujiamini kwa mwili kuna upande mwingine, wa jinsi mwili unavyotazamwa na wengine, na hapa vitabu vingi vya Ulaya na Marekani havimsaidii sana msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa hudhani aibu kuu ni unene na mikunjo ya uso. Katika miji ya Afrika Mashariki kitambi cha mzee kimehesabiwa muda mrefu kuwa dalili ya neema na watoto waliofanikiwa, na tangu UKIMWI ulipoenea katika miaka ya 1980 kukonda kumebeba tuhuma, hata mtu aliyepunguza kilo nane kwa juhudi zake na kushusha presha yake huulizwa kwa sauti ya chini anaumwa nini. Mama wa makamo anayevaa raba na suruali ya mazoezi chini ya dera hukutana na swali la heshima kabla ya kukutana na uchovu. Yapo pia mambo mazito zaidi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo aghalabu huletwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, yamechukuliwa kuwa ushahidi dhidi yao. Mahali ambapo mwili uliozeeka unaweza kuwa hati ya mashtaka, kumwambia bibi ajipende kama alivyo ni ushauri mwepesi mno.

Ndiyo sababu mifano ya pamoja ina thamani kubwa kuliko ya mashujaa. Fauja Singh alikamilisha marathoni ya Toronto mwaka 2011 akihesabiwa kuwa na miaka 100, na Anne Lorimor, Mmarekani, alifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 2019 akiwa na miaka 89, lakini habari kama hizo humfurahisha msomaji bila kumwinua kitini, kwa kuwa Bandura alisisitiza kufanana: anayenifaa kuwa mfano ni jirani, si mwujiza. Katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, Rebecca Ntsanwisi aliwakusanya wanawake wazee wakacheza soka katika timu iitwayo Vakhegula Vakhegula, ambayo mwaka 2010 ilisafiri hadi Massachusetts kushiriki mashindano ya maveterani, na wachezaji wake ni bibi wa kawaida wenye presha na maumivu ya magoti. Huko Korogocho, Nairobi, wanawake wazee waliochoka kulengwa na wabakaji walianza kujifunza kujihami katika kikundi kijulikanacho kama Shosho Jikinge, wakifanya mazoezi ya kupiga mito kwa ngumi na kiganja na ya kutoa sauti kwa nguvu. Kwao swali la kama mwili unapendeza halikuwa la kwanza. La kwanza lilikuwa kama mwili unaweza kumzuia mtu mlangoni, na heshima waliyoipata mtaani ilifuata jibu la swali hilo.

Serikali za ukanda huu hazijalala. Kigali ilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari ili watu watembee na kukimbia, Zanzibar huadhimisha siku ya mazoezi ya viungo kila Januari 1, na Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni iliyoitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili ya mazoezi. Kasoro ya shughuli hizi, zikiwemo klabu za jogging zinazopita alfajiri zikiimba, ni kwamba zimejengwa juu ya kukimbia, jambo linalomfaa kijana na kumwacha mzee pembeni akipiga makofi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wazima wote wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa mwendo unaoruhusu kuongea lakini si kuimba, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, kisha kwa waliopita 65 unaongeza siku tatu za mazoezi yanayochanganya nguvu na ulinganifu. Sehemu hizo mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika, ingawa hazihitaji uwanja: kuinuka kitini bila kushika kitu, kusukuma ukuta, kusimama mguu mmoja karibu na meza, kubeba madumu mawili yaliyojazwa kidogo kidogo wiki baada ya wiki. Mwenye presha isiyodhibitiwa, maumivu ya kifua au anayetumia insulini aonane kwanza na mtoa huduma, na yeyote anayenyanyua mzigo asibane pumzi, kwa kuwa kubana pumzi hupandisha presha ghafla.

Kupima maendeleo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kipimo kilichoandaliwa na Roberta Rikli na Jessie Jones huko California, na kuchapishwa mwaka 1999, humtaka mtu aliyekunja mikono kifuani ainuke na kuketi kwa sekunde 30, na idadi ya mainuko ndiyo matokeo. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamume wa miaka 60 hadi 64 anayepata chini ya 14, au mwanamke wa miaka 70 hadi 74 anayepata chini ya 10, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Faida yake kwa hoja ya uchambuzi huu ni kwamba humpa mzee namba yake mwenyewe, ambayo mwezi ujao inaweza kuwa kubwa zaidi, na hicho ndicho chanzo cha kwanza cha Bandura. Hospitali na vituo vingi vya afya nchini Tanzania vina dirisha la wazee, ambako mzee huhudumiwa mapema, hupimwa presha na uzito, kisha huandikiwa dawa na kuelekezwa benchi la kusubiria. Kipimo cha kiti kinahitaji kiti, saa na nusu dakika ya muuguzi, na Wizara ya Afya ikikiingiza katika kadi ya mzee pamoja na presha yake itakuwa imemfanyia jambo ambalo kampeni za Jumamosi hazijaweza kumfanyia.